Filta ya Hewa Huhukumiwa kwa Upande Wake Msafi

Ingia duka lolote la spea pale Bwera, kwenye barabara iendayo mpaka wa Mpondwe, uombe filta ya hewa ya pikipiki. Muuzaji atakuwekea tatu juu ya meza. Moja iko ndani ya boksi lenye stika inayong'aa, ya pili imefungwa kwa nailoni tupu, ya tatu ni sponji iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kipande kikubwa. Ukimuuliza tofauti atakujibu, "Ndugu yangu, kazi ni moja, bei ndiyo tofauti." Bei ni tofauti, kweli. Kazi si moja hata kidogo, na anayejua kutazama anaweza kuzipanga hizo tatu kwa ubora kabla hajatoa pesa mfukoni, bila mashine wala maabara. Anahitaji jua, kidole gumba na tone la maji; kitambaa cheupe kitathibitisha baadaye.

Naandika haya kwa sababu filta ndiyo spea inayodharauliwa kuliko zote katika bodaboda. Tairi likiisha, mtu huliona. Breki zikiisha, huzisikia. Filta mbovu haisemi kitu. Injini inaendelea kuwaka, na miezi ya mwanzo huenda ikawaka kwa wepesi zaidi, mpaka siku moshi wa buluu unapoanza kutoka nyuma. Hapo ringi, pistoni na silinda vimekwisha kuliwa, na gharama ya kuchonga silinda ingeweza kununua filta za miaka mingi.

Kwanza tumjue adui, yaani vumbi, nalo linaanzia mlimani. Rwenzori si mlima wa volkano kama Kilimanjaro au Nyiragongo. Ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa na nguvu za Bonde la Ufa, mwamba wa granaiti na jamaa zake, wenye kwatzi nyingi, yale mawe meupe yanayong'aa ukiyavunja. Mito ya Nyamwamba, Mubuku na Lhubiriha huumega mwamba huo na kuushusha tambarare, jua la kiangazi huukausha, na magurudumu humalizia kuusaga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 10, kwatzi iko ngazi ya 7, na kisu cha kawaida cha chuma kiko kama 5 na nusu. Kwa hiyo punje ya kwatzi huikwaruza silinda, na silinda haiwezi kuifanya kitu punje hiyo. Zinazoumiza zaidi si zile chembe za mchanga unazokung'uta kwenye viatu. Ni punje za maikroni 5 hadi 20 hivi, wakati unywele wa mtu una takriban maikroni 70. Punje za ukubwa huo huenea ndani ya utando wa oili ulioko kati ya ringi na silinda, zikachanganyika nayo, na injini ikaanza kujisaga kwa uji uleule ambao fundi huutumia kwa makusudi anaposagia valvu.

Hilo ni vumbi la njiani, nalo lina wenzake. Ukitoka Kasese kuelekea Fort Portal unapita Hima, na malori ya saruji yako barabarani mchana na usiku. Saruji ni unga uliosagwa mpaka punje zake zikakaribia ukubwa huohuo, tena ikikutana na umande hugandamana kwenye filta na kuifunga. Ukipanda Kyarumba au Kyondo msimu wa kahawa, mashine za kukoboa hutupa makapi mepesi yanayoelea hewani. Na mashine za kusaga muhogo, ule unga wa obundu, huweka weupe juu ya kila kitu kilichoegeshwa karibu nazo. Makapi na unga havikwaruzi chuma. Vinaziba. Basi mwendesha bodaboda wa mchanga na mwenye injini ya kinu wanahitaji filta za tabia tofauti: wa kwanza anahitaji ya kuzuia kilicho kidogo kabisa, wa pili anahitaji yenye uso mpana isiyoziba upesi. Muuzaji asipokuuliza unafanya kazi wapi, mwambie wewe.

Tuangalie pia kiasi cha hewa. Injini ya cc 100 ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa mara 3,000 katika dakika hiyo. Kama silinda ingejaa kabisa kila mara, hiyo ni lita 300 kwa dakika. Hata ukipunguza kwa kuwa silinda haijai kabisa, bado ni hewa nyingi mno ukilinganisha na lita 6 hadi 8 anazopumua mtu aliyetulia kitini. Na mtu ana pua yenye vinyweleo na ute. Pikipiki ina filta tu.

Wapo wanaouliza kama filta ni ya lazima hasa. Swali hili lina historia ndefu miongoni mwa wapenzi wa ndege za mfano, zile ndogo zinazorushwa kwa rimoti. Injini yao ya mipigo miwili ya cc 6.5 ikizunguka mara 12,000 huvuta karibu lita 78 kwa dakika, na nyingi huruka bila filta yoyote. Sababu zao ni za kweli. Mafuta yao ni methanoli iliyochanganywa na oili nyingi, mara nyingi karibu sehemu moja kwa tano, kwa hiyo injini inaoshwa kwa oili muda wote inapowaka. Safari ni ya dakika chache. Ndege ikishapaa, vumbi limebaki chini. Tena kabureta ile ndogo haipendi kuwekewa kizuizi: ukiweka sponji mdomoni mwake mchanganyiko wa mafuta na hewa hubadilika, na lazima urekebishe sindano upya. Hatari yao kubwa iko ardhini wakati wa kuwasha, propela inapopuliza udongo mtupu na kuurusha hadi kwenye mdomo wa kabureta. Ndiyo maana wajuzi wao huwashia juu ya meza au juu ya nyasi, wakaweka filta kwenye mpira wa mafuta, na mambo yakaisha hapo. Kijana wa Kasese atakayerusha ndege ya namna hiyo kwenye kiwanja cha udongo mtupu atandike turubai kwanza. Kama kiwanja ni kibaya kiasi kwamba turubai halitoshi, aweke sponji nyembamba yenye oili, kisha arekebishe sindano.

Lakini wapenzi haohao wakichukua injini ya ukubwa uleule na kuitia kwenye gari la mfano, hawabishani tena. Karibu kila gari la mfano la injini hukimbia na filta ya sponji yenye oili, kwa sababu linaishi kwenye vumbi lake lenyewe. Bodaboda iko upande wa gari hilo, siku zote.

Hata ndege za kweli zimelipa gharama hii. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipopeleka ndege za Spitfire Malta na Afrika Kaskazini, walizifunga filta kubwa ya Vokes chini ya pua. Ilizipunguzia mwendo, na marubani hawakuipenda. Bila filta, mchanga ungezimaliza injini mapema mno. Mafundi wa karakana ya Aboukir, Misri, wakatengeneza filta ndogo zaidi yenye umbo bora, nayo ikafungwa kwenye ndege hizo. Waliona mapema kwamba shida ilikuwa ubora wa filta, na wakashughulika na ubora huo.

Waendeshaji wengine wa kwetu wanapopanda Ihandiro na mizigo huing'oa filta kabisa ili pikipiki, kama wanavyosema, "ipumue". Kabureta imepangwa kiwandani ikiwa na filta mahali pake. Ukiiondoa, hewa huzidi mafuta, injini huchemka zaidi, na kwatzi inaingia bila kizuizi. Kama pikipiki yako inapata nguvu ya wazi ukiitoa filta, umegundua jambo moja tu: filta hiyo imeziba. Nunua nyingine.

Sasa tuje kwenye kununua. Filta ya karatasi ndiyo inayodanganya zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Itoe kwenye boksi na uende nayo mlangoni. Boksi lenyewe lisikuchukulie muda. Wanaoghushi wamejua kunakili boksi na stika kuliko walivyojua kutengeneza karatasi. Tafuta namba ya spea iliyochapwa kwenye mwili wa filta yenyewe, kwenye plastiki au mpira. Isipokuwepo, endelea kwa mashaka.

Ielekeze filta juani, au uangaze tochi ya simu kutoka ndani. Karatasi nzuri hung'aa kwa mwanga laini ulio sawa kila mahali. Ukiona nukta moja ya mwanga mkali, hilo ni tundu, na tundu moja lionekanalo kwa macho ni mlango kwa maelfu ya punje za maikroni 10. Irudishe. Ukiona sehemu nyeusi na sehemu nyeupe kama mawingu, karatasi haina unene mmoja. Hewa itakimbilia palipo pembamba na vumbi pamoja nayo.

Kisha mikunjo. Mikunjo ya filta nzuri imesimama kwa umbali uleule, na ukiipitisha ukucha juu yake inainama na kusimama tena. Mingi ina vijitufe vilivyobonyezwa kwenye karatasi ili mkunjo mmoja usilale juu ya mwingine. Filta hafifu ina mikunjo iliyolaliana kwa mafungu, na palipolaliana hapapiti hewa. Hesabu mikunjo, ulinganishe na ile ya zamani uliyoitoa. Kupunguza mikunjo ni wizi usioonekana, maana umbo la nje linakuwa sawa kabisa. Tuseme kila mkunjo una kina cha sentimita 3 na urefu wa sentimita 10. Pande zake mbili zinatoa sentimita za mraba 60. Mikunjo 50 ni 3,000, mikunjo 35 ni 2,100. Umeuziwa karatasi pungufu kwa asilimia 30, hewa ileile italazimika kupita kwa kasi zaidi, na filta itaziba mapema.

Tone la maji linafuata. Karatasi ya filta hulowekwa kwenye utomvu wa kiwandani na kukaushwa kwa joto ili iwe ngumu na isinywe maji. Weka tone pembeni. Kwenye karatasi nzuri tone linakaa juu, limejikusanya. Kwenye karatasi mbaya linazama mara moja kama kwenye gazeti. Karatasi ya namna hiyo itajikunja siku ya kwanza utakapopita mvua ya Aprili, na injini itainyonya hadi ipasuke.

Mwisho, gundi na mpira. Angalia mahali ncha mbili za karatasi zinapokutana, maana lazima karatasi ianze na kuishia mahali fulani. Pale ndipo viwanda vya ovyo huacha ufa. Angalia pembe nne. Bonyeza mpira wa ukingoni kwa kidole gumba na uachie. Ukirudi mara moja, mzuri. Ukibaki na shimo la kidole, hautaziba. Ukiwa mgumu kama plastiki ya ndoo, hautaziba vilevile. Rangi ya karatasi haina maana. Njano, nyeupe, buluu, ni rangi tu.

Sponji ina hukumu yake. Yamaha AG100 wanayoendesha mabwana shamba, DT125, Honda CG125, zote zilitengenezwa kwa filta ya sponji inayotiwa oili. Sponji haichuji kama chujio la chai. Ni msitu wa vijia vilivyopindapinda, na kila ukuta wa kijia umepakwa oili. Punje ikishindwa kukata kona hugonga ukuta na kunasa. Sponji kavu, basi, ni nusu ya filta, hata ikiwa ya bei kubwa. Mtu anayeuziwa sponji bila kuambiwa habari ya oili ameuziwa nusu ya kitu.

Ukiishika, tazama matundu. Yawe ya ukubwa mmoja, wazi pande zote, yasiyo na ngozi nyembamba ya kung'aa katikati yake. Weka mdomo upulize: hewa ipite kwa urahisi na sawasawa. Ikunje ngumini na uachie. Irudi kwenye umbo lake mara moja. Zilizo bora zina tabaka mbili, ya nje ya matundu makubwa na ya ndani ya matundu madogo, zimegundishwa bila kuacha nafasi. Kama muuzaji anakubali, kata kipande kidogo cha masalio ukaloweke kwenye petroli hadi kesho yake. Sponji ya filta itatoka kama ilivyoingia. Sponji ya godoro itavimba na kuanza kumeguka.

Sponji ya godoro ndiyo iliyojaa kwenye pikipiki nyingi za Bwera na ng'ambo ya mpaka, Kasindi. Ina matundu makubwa na madogo kwa pamoja, mengine yamezibwa kabisa, na ikikaa kwenye mvuke wa petroli kwa muda huanza kuvunjika unga, na vipande vyake huingia kabureta. Ikiwa filta yako imepotea njiani na giza linaingia, kipande cha godoro kilichotiwa oili kitakufikisha nyumbani. Kesho yake kitoe.

Kutia oili ni ufundi wa mikono. Fundi mmoja wa Bwera ninayependa kumtazama huosha sponji kwa maji ya sabuni, au mafuta ya taa ikiwa chafu sana, kamwe si petroli, kwa sababu petroli huachanisha gundi, na moto ukitokea hauulizi. Huikausha kivulini. Kisha humimina oili kidogo na kuikanda kwa viganja viwili, anabonyeza na kuachia, bila kuinyonga, mpaka rangi inakuwa moja kila upande. Halafu huifunga kwenye kitambaa kikuukuu na kuikandamiza mara ya mwisho. Akifunua hutazama kitambaa: kikilowa chepechepe, oili imezidi na anarudia, kikiwa na doa hafifu, anaifunga. Yeye hutumia oili ya giaboksi, ile ya 90, kwa kuwa ni nzito na haishuki chini ya sponji upesi kama oili nyepesi ya injini. Ninakubaliana naye.

Filta za bakuli la oili, zilizoko kwenye trekta za zamani kama Massey Ferguson 135 na kwenye injini za dizeli za vinu, zinahitaji maneno machache. Oili ifike kwenye alama, isizidi, maana ikizidi injini itaivuta. Tope la chini ya bakuli lisifike unene wa kidole. Ringi ya mpira iwepo. Nyavu za waya zioshwe. Kwa kinu kilichozungukwa na unga hizi bado ni chaguo zuri, kwa kuwa zinaoshwa na kurudi kazini hazijapoteza kitu.

Sasa jambo ambalo kwangu linazidi yote hayo. Ubora wa filta unasomwa kwenye upande wake msafi, ule unaotazama kabureta. Watu hufungua kisanduku cha filta, wakaona uso wa nje umejaa uchafu, wakasema filta ni mbaya. Uso mchafu ni ushahidi kwamba inafanya kazi. Filta ya kuogopa ni ile ambayo uso wake wa nje ni msafi wakati pikipiki imeshinda kwenye moramu ya Ihandiro wiki nzima.

Funga filta mpya, fanya kazi wiki mbili za kiangazi, kisha itoe. Chukua kitambaa cheupe, ukitie tone la oili, upanguse ndani ya mpira unaokwenda kabureta. Kitambaa kikitoka na weupe wake, umepata filta nzuri, iwe ya boksi au ya nailoni. Kikitoka na wekundu wa udongo, kuna kasoro, na sasa uisome. Wekundu ukiwa umetanda sawasawa, karatasi au sponji yenyewe inapitisha. Ukiwa ni mchirizi unaoanzia mahali pamoja ukingoni na kutanuka, filta haina kosa. Mpira wa ukingo hauzibi, au kifuniko kimepinda. Chunguza skrubu za kifuniko zilizopotea, ufa kwenye kisanduku, mpira wa kabureta uliopasuka kwenye mkunjo wake wa chini, kizibo cha bomba la kutolea maji kilichodondoka. Vitu hivi vinauzwa kwa bei ndogo, na vimeua injini nyingi zilizokuwa na filta bora kabisa. Paka grisi nyembamba ukingoni kabla ya kufunga kifuniko. Safari ijayo utaona vumbi limenasa kwenye grisi, na utaridhika.

Katika maabara filta hupimwa kwa utaratibu wa ISO 5011, kwa vumbi maalumu lililopimwa ukubwa wa punje zake. Filta nzuri za karatasi kwa kawaida huzuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi hilo kwa uzito. Msomaji anaweza kudhani kwamba 99 na 97 ni jirani. Zigeuze. Moja inapitisha gramu 1 katika kila 100, nyingine inapitisha gramu 3. Injini inahesabu kilichopita, na hapo imekula mara tatu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliamini wakiambiwa. Filta ya karatasi inachuja vizuri zaidi baada ya kutumika kidogo kuliko ikiwa mpya, kwa sababu tabaka la kwanza la vumbi lililonasa huwa sehemu ya chujio. Ndiyo maana desturi ya kuipuliza kwa kompresa kila wiki inaumiza kuliko inavyosaidia. Inaondoa tabaka hilo, na mdomo wa kompresa ukisogezwa karibu hutoboa karatasi matundu ambayo hutayaona mpaka uiweke juani. Kama ni lazima, pigapiga kwa mkono juu ya ubao, au puliza kwa mbali kutoka ndani kwenda nje, kisha rudia kipimo cha jua. Karatasi haioshwi kwa sabuni wala kwa petroli. Ikiziba, muda wake umekwisha.

Utajuaje imeziba? Moshi mweusi, mafuta yanayoisha haraka, plagi yenye masizi makavu meusi. Plagi ikiwa nyeusi na yenye oili inayoteleza, umechelewa. Hiyo ni habari ya ringi. Na fundi akifungua injini, mwombe akuonyeshe ringi ya juu. Ikiwa imelika kuliko zile za chini, na silinda ina michirizi ya wima, vumbi liliingia kwa njia ya hewa. Usifunge pistoni mpya kabla hujapangusa mpira wa kabureta kwa kitambaa cheupe.

Tangu Juni 2021, ilipozinduliwa kazi ya kuweka lami kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni, nasikia wakisema suala la filta litakwisha lenyewe. Lami inapunguza vumbi, na ninaifurahia. Lakini kahawa haioti kando ya lami. Inashuka kutoka milimani kwa njia za udongo, juu ya pikipiki hizihizi.

Hukumu yangu ni hii. Kwa anayeshinda barabara kuu ya Kasese hadi Mpondwe, karatasi nzuri iliyofaulu jua na tone la maji. Kwa anayepanda milimani kila siku, sponji ya tabaka mbili yenye oili, inayooshwa kila wiki wakati wa kiangazi, kama pikipiki yake ilitengenezwa kwa sponji. Kama ni ya karatasi, abaki na karatasi ya asili na aibadilishe mapema, kwa kuwa sponji iliyolazimishwa kwenye kisanduku kisicho chake haizibi ukingo. Na kwenu wauzaji wa Bwera na Kasese: mruhusuni mteja afungue boksi na atoke na filta mlangoni kwenye jua. Na wewe mnunuzi, akikukatalia, nenda duka la pili.